Bidoni Hazina Magoti

Baba yangu hajui injini ya gari ina nguvu kiasi gani, wala hajali. Anachotaka kujua ni gari linabeba bidoni ngapi. Ukikaa naye mbele ya duka lake la mawese hapa Rumonge, kila gari linalopita barabara ya ziwani analipima kwa bidoni za lita ishirini, zile za njano. "Ile ya bidoni arobaini," anasema. "Ile thelathini, ukizipanga na akili." Likipita gari dogo jipya linalong'aa, anatikisa kichwa kwa huruma. "Ile ya watu tu."

Kwa hiyo Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alipotangaza kwamba ameamua kununua gari la familia, mama hakushtuka wala hakufurahi. Aliendelea kukusanya sahani.

"Familia gani?" aliuliza.

"Si ni hii yetu, mama watoto."

"Nilidhani ile ya njano."

Mimi na wadogo zangu tuliinamisha vichwa ili baba asituone tunacheka. Sote tulikumbuka gari la kwanza. Nalo lilinunuliwa kwa jina la familia, miaka sita kabla ya hapo, na sisi tulilipanda mara moja tu, siku lilipofika, kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi. Wiki iliyofuata kiti cha nyuma kilikuwa sebuleni, tunakikalia tukitazama televisheni, na gari lilikuwa limejaa mawese mpaka dirishani. Gari lenyewe lilikwisha kuuzwa zamani. Kiti kilibaki. Mpaka leo mgeni akija kwetu tunamkaribisha kwenye kiti chenye mikanda ya usalama, na wapo wageni wanaojifunga, kwa adabu.

"Safari hii ni ya watu," baba alisema. "Idi hii tunakwenda Kabonga kwa mama, sote saba, siku moja."

Hapo mama aliweka sahani chini.

Kabonga, kule mpakani karibu na Tanzania, anakaa bibi, mama yake mama. Kila Idi tulikuwa tunakodi teksi kwenda kumsalimia, na teksi ni ndogo, na sisi tumekua. Tulipokuwa wadogo tulipakatana. Sasa mimi nina miaka ishirini na mitano, wadogo zangu wawili wa kiume ni warefu kama nguzo, na mapacha wa kike wana miaka kumi na saba na hakuna anayekubali kumpakata mwenzake. Basi tukawa na zamu. Idi hii wanakwenda hawa, Idi ijayo wale. Bibi alikuwa akitupokea, anatutazama, halafu anamuuliza mama, "Wengine wako wapi? Mbona unaniletea wajukuu vipande vipande?" Mara ya mwisho aliongeza kwamba macho yake yanafifia, na kwamba angependa kutuona wote watano tumekaa pamoja wakati bado anaweza kutofautisha nani ni nani. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Na atakayelichagua," baba alisema, akaninyooshea kidole, "ni huyu. Hatukusomesha mtu uchumi chuo kikuu ili aje atusaidie kuhesabu vikombe."

Ni lazima nieleze kwamba nilikuwa nyumbani mwaka wa pili na shahada yangu. Kazi niliyokuwa nayo ni kuandika barua za kuomba kazi, na kuzisoma upya, na kubadilisha neno moja, na kulirudisha, mpaka siku ya mwisho ya kupeleka barua inapita. Hii ilikuwa mara ya kwanza baba kuniachia jambo lolote kubwa kuliko chumvi. Usiku ule niliandika maswali kumi na tisa ya kumuuliza mwenye gari. Asubuhi yalikuwa arobaini na moja.

Siku ya pili baba aliniita dukani, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayeuza kitu cha magendo.

"Mama," aliniambia, maana akiwa na shida ananiita hivyo, "chagua gari yenye kiti cha nyuma kinachotoka."

"Lakini baba, si ulisema ya watu?"

"Idi itabeba watu. Baada ya Idi, je? Gari ikae uani inatazama kuku?"

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa kwenye cherehani yake. Hakuinua kichwa.

"Amekwambia kitoke?"

Mama alikata uzi kwa meno.

"Wewe chagua kile ambacho hakitoki. Kikitoka, Kabonga tutakwenda Idi moja tu. Halafu zamu zinarudi, na mama yangu ataendelea kuwapata kwa vipande mpaka afumbe macho. Sina lingine."

Ndipo nikabaki katikati, na daftari la kurasa mia moja nililolinunua kwa ajili ya kazi hiyo.

Gari la kwanza tulilokwenda kulitazama lilikuwa hapahapa Rumonge, la mfanyabiashara mmoja wa saruji. Lilikuwa na viti saba. Sisi ni saba. Jambo lilionekana rahisi mno, kwa hiyo sikuliamini, nikaamua kulipima kisawasawa. Na hapa ndipo damu ya baba ilipojionyesha. Nilipata kwa simu kiasi ambacho gari linabeba, nikakigeuza kuwa bidoni. Halafu nikachukua mizani ya dukani nikawapima watu wa nyumbani, nao nikawageuza kuwa bidoni. Kila mtu mzima, bidoni nne. Mapacha, tatu kila mmoja. Mama alikataa kupanda mizani, akasema niandike ninachotaka na Mungu atanisamehe. Nikaandika tatu na nusu, kwa heshima. Jumla ilikuwa ndogo kuliko uwezo wa gari, tena kwa mbali. Baba aliisoma karatasi yangu polepole, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Nadhani ilikuwa karatasi ya kwanza niliyoandika tangu darasa la kwanza ambayo aliielewa yote.

Tukaenda kulijaribu. Mdogo wangu mkubwa alipanda safu ya nyuma kabisa. Ilichukua muda. Kichwa kiliingia, kiwiliwili kikaingia, halafu miguu ikabaki nje ikitafuta pa kwenda. Alipokwisha kujikunja, magoti yake yalikuwa usawa wa masikio, moja kila upande. Mdogo wake akaingia upande wa pili kwa namna ileile. Walionekana kama panzi wawili kwenye kiberiti. Mwenye gari alisema kile kiti ni cha watoto.

"Hawa ni watoto wangu," baba alisema.

"Watoto wadogo, mzee."

Kutoka ndani kabisa sauti ya mdogo wangu ilisikika, imebanwa. "Dada, hesabu zako ni nzuri. Ila bidoni hazina magoti."

Mapacha walicheka mpaka wakakaa chini. Msemo ule ulihamia nyumbani kwetu siku ileile. Nikiongeza chumvi nyingi, bidoni hazina magoti. Nikipotea mtaa, bidoni hazina magoti. Nilikaa siku mbili sitoki chumbani, nikifikiria kwamba kama siwezi kutofautisha ndugu zangu na mafuta, basi wale wote ambao hawajaniajiri walikuwa na sababu.

Siku ya tatu nilichukua futi ya mama, ile ya ushonaji, nikawapima upya, safari hii kuanzia nyonga mpaka goti. Halafu nikachukua jivu la jikoni nikachora uani mstatili, upana na urefu wa gari ambalo lingetutosha kweli, na ndani yake nikapanga bidoni tupu kuwa viti, safu tatu. Nikawaita watu waingie. Walikataa. Nikalia kidogo, wakaingia.

Tukakaa hivyo uani, saa tano ya asubuhi, jua kali, familia nzima ndani ya mstari wa jivu. Baba mbele, ameshika sinia kama usukani, maana mapacha walimpa sinia na yeye bila kufikiri akalipokea. Mimi nikizunguka na futi, nikipima nafasi kati ya goti la mmoja na mgongo wa mwingine.

Mama jirani alichungulia juu ya ukuta. Alitutazama kwa muda.

"Amahoro," alitusalimu kwa Kirundi.

"Amahoro," tukajibu sote.

"Munaenda wapi?"

"Kabonga," mama alisema, hajacheka hata kidogo.

"Mutuletee ndagala." Akiisha kuagiza dagaa wake, akashuka ukutani. Tukamsikia akimwambia mumewe kwamba hao wako sawa, wanasafiri tu.

Lakini vipimo nilivipata. Safu ya nyuma kabisa ndiyo ilikuwa na tatizo siku zote, hiyo ndiyo ambayo watengeneza magari wanadhani haikaliwi na mtu mwenye mapaja. Niliviandika kwenye ukurasa mmoja safi wa daftari, urefu, upana, kina, na tukaanza kutafuta kwa futi, si kwa mizani.

Gari la pili lilikuwa Magara, kwa mchuuzi wa samaki. Lilikuwa kubwa, mdogo wangu alinyoosha miguu yote miwili na bado akawa na nafasi. Injini iliwaka mara moja. Maswali yangu arobaini na moja yalijibiwa vizuri isipokuwa la thelathini na nane, linalohusu harufu.

"Harufu gani?" mchuuzi aliuliza. Alikuwa mkweli. Alikuwa haisikii.

"Ya samaki, mzee," nilisema.

"Aa, hiyo. Hiyo itatoka."

"Itatoka lini?"

Alifikiri. "Tangu niinunue ni miaka minane. Bado."

Baba alikuwa nyuma ya gari, anahesabu kwa midomo. Nilimsikia akifika hamsini na tano. Alirudi na uso wa mtu aliyeonyeshwa Makka. "Harufu si ugonjwa," alisema. Mapacha walikuwa wamekwisha kushuka na kusimama mbali, vitambaa vya kichwa vimefunika pua, na mmoja alisema kama ni hili basi yeye atakwenda Kabonga kwa miguu, aanze leo. Ikabidi tuondoke. Njia nzima baba alikuwa akigeuka kutazama nyuma.

Gari la tatu lilikuwa Kabezi, kwa mwalimu mstaafu, mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi. Tulikwenda watatu, mimi, baba, na fundi wa magari anayetengeneza lori la rafiki wa baba. Mwalimu alitupokea kwa Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba baba alianza kusimama wima. Gari lilikuwa uani kwake, limefunikwa shuka. Viti vinane. Alilitumia kupeleka watoto wake sita shule na kanisani, na sasa wote wameoa na kuolewa, na yeye na mkewe wanazunguka ndani yake kama maharage mawili kwenye sufuria.

Nikatoa daftari. Nikauliza swali la kwanza, lini alibadilisha mafuta ya injini mara ya mwisho. Mwalimu akasema, "Subiri, binti yangu." Akaingia ndani, akatoka na daftari lake.

Kila mafuta yaliyobadilishwa yalikuwamo. Kila tairi. Kila kelele ngeni, siku iliposikika, upande ilikotokea, na siku iliponyamaza. Kwa mwandiko wa ubaoni, mistari imepigwa kwa rula. Pale aliposhuku breki aliandika, "Nimeshuku breki. Nimekosea." Nilisoma kurasa kumi nimesimama. Nilihisi kama mtu aliyeishi ugenini maisha yake yote, halafu akasikia mtu anapita njiani anaongea lugha ya kwao.

"Mwanangu," baba alininong'oneza, "umependa gari au daftari?"

Fundi aliweka kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi, akalala chini ya gari, akatoka, akasema hana la kusema. Kwa fundi huyu hilo ni jambo la ajabu, maana analipwa kwa kusema.

Adhuhuri ikaingia. Mwalimu, Mkristo mwenye msalaba mkubwa juu ya mlango, alimletea baba maji ya kutawadha na mkeka mpya, akamwonyesha kibla bila kuulizwa, akasema Kigoma aliishi na majirani Waislamu miaka ishirini. Baba na fundi wakaenda kuswali kivulini, na mimi, ambaye siku hiyo nilikuwa na ruhusa ya kutoswali, nikabaki na mwalimu na futi. Nilipima safu ya nyuma. Magoti ya ndugu zangu yangetosha na kubaki vidole vinne.

"Hicho kiti," mwalimu alisema kwa sauti ya chini, kwa kuheshimu sala, "kinatoka. Boliti nne, mbili kila upande. Nilikitoa siku moja tu, kubeba kabati la binti yangu alipoolewa. Nakuambia kwa sababu muuzaji anapaswa kusema yote."

Nilimshukuru. Nilitamani angekuwa tapeli kidogo.

Niliandika kila kitu kwenye ukurasa uleule wa vipimo, upana wa kiti, urefu wa mgongo wake, mahali zilipo boliti nne, hata nikachora. Njiani tukirudi baba aliniuliza, macho yakiwa ziwani, "Kinatoka?"

Nilitafuta jibu tangu Kabezi mpaka karibu na Magara. "Boliti nne," nilisema.

Baba alitabasamu, akaanza kuimba kaswida.

Nyumbani mama aliniuliza swali hilohilo, nikampa jibu hilohilo. Nilitegemea atanigombeza. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole.

"Rangi gani?"

"Ya gari?"

"Ya kiti."

"Kijivu."

"Haya," alisema. "Nunueni. Gari nzuri."

Lilinunuliwa. Baba alilileta uani, tukaliosha sote, na mbele ya kila mtu akatoa ahadi yake. Idi tunakwenda Kabonga. Jumatatu baada ya Idi, kiti kinakwenda sebuleni kukaa na mwenzake. Alikuwa amekwisha kununua ufunguo wa boliti, unaometa, umefungwa kwenye gazeti. Mdogo wangu alisema sebule yetu sasa itahitaji kondakta. Mama alisema inshallah na kuingia jikoni.

Mimi nilikuwa na shida yangu nyingine. Ule ukurasa wa vipimo haukuwamo tena kwenye daftari. Ulikuwa umechanwa vizuri, karibu na uzi, na mtu aliyezoea kukata kitambaa. Sikutambua hilo wakati ule. Nilidhani nimeuchana mwenyewe nikasahau, na kwamba huu ndio mwanzo wa kupoteza akili, nikaanza kuorodhesha dalili nyingine. Zilikuwa sita.

Siku ya Idi, baada ya sala, tulipanda. Mama na mapacha safu ya katikati, masufuria ya pilau miguuni. Wadogo zangu nyuma, magoti yamekaa mahali magoti yanapotakiwa. Mimi mbele kushoto kwa baba, na hapo kuna kazi. Gari letu, kama mengi yanayotoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani wake uko kulia, na sisi Burundi tunaendesha upande huohuo wa kulia. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu mbele. Anayekaa kushoto ndiye jicho lake, ndiye anayesema pita au subiri.

Tulikuta lori la mikungu ya michikichi tulipotoka tu mjini.

"Vipi?" baba aliuliza.

"Subiri," nilisema. Kulikuwa na baiskeli mbali sana.

"Sasa?"

"Subiri." Kulikuwa na kona, si mbele yetu hasa, lakini barabara ile huwa ina kona.

"Sasa?"

"Kuna mbuzi, baba."

"Iko barabarani?"

"Amefungwa. Lakini kamba naiona nyembamba."

Tuliivuka Kigwena nyuma ya lori lile. Nyani walikaa kando ya msitu, wakatutazama tukipita, na nadhani kuna mmoja alitembea nasi kidogo. Nyuma yetu yalikuwa yamejipanga magari saba. Hakuna aliyepiga honi kwa muda mrefu, labda walidhani ni mazishi. Mapacha walianza kumpigia kura dada yao ashushwe. Lori liligeuka lenyewe Nyanza-Lac, na baba akaliaga kwa mkono kama ndugu.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake, amevaa kanga mpya. Tulishuka mmoja mmoja. Alitushika uso kila mmoja kwa mikono miwili, akisoma kwa vidole pale macho yalipochoka, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili, huyu mrefu. Tatu, naye mrefu, mnawalisha nini. Nne. Alipofika kwa pacha wa pili alimshika shavu, akasema, "Wewe nimekwisha kukuhesabu."

"Huyo alikuwa mwenzangu, bibi."

"Basi ni tano," bibi alisema. "Ni tano." Akarudia mara nyingine, halafu akajifuta uso kwa pembe ya kanga na kutuuliza kama tumekuja kusimama tu au tutakula.

Tulikula. Baba, kama inavyompasa mkwe, alikaa mbali na mama mkwe wake, upande wa pili wa uwanja, akimjibu kwa sauti laini ambayo sisi hatujawahi kuisikia nyumbani. Baba yangu anagombana na wateja, na mafundi, na redio. Kwa bibi ana maneno mawili, ndiyo mama, na asante mama. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hajamkatalia jambo, wala hajakaa karibu naye kiasi cha kugusana bega. Ndivyo adabu ya kwetu ilivyo, na bibi ni mtu anayeijua adabu vizuri, hasa ile anayodai yeye.

Ilipofika alasiri, bibi alisimama. "Nitakwenda nanyi Rumonge," alisema. "Nikae wiki mbili. Iko nafasi?"

Viti ni vinane. Sisi ni saba. Baba alisema ndiyo mama, akafungua mlango wa mbele kwa heshima.

Bibi aliutazama mlango ule. "Nikae ubavuni mwako, mkwe?"

Baba aliufunga haraka kama aliyeungua.

"Mimi nitakaa mbali na dereva," bibi alisema. "Mbali kabisa ni wapi?"

"Nyuma, bibi," mapacha wakajibu.

"Basi nyuma ndiko kwangu."

Akamwambia mama amletee kile kifurushi. Mama alikijua kilipo bila kuuliza. Ndani yake kulikuwa na foronya ya kiti, ya kitambaa kizito cha kijivu, imetariziwa maua kandokando, na katikati, kwa uzi mwekundu, maneno *Kiti cha Mama*. Bibi aliwapa wadogo zangu waivalishe. Iliingia bila kuvutwa wala kukunjwa, mgongo, pembe, kila kitu. Chini ilikuwa na kamba nne za kufungia, mbili kila upande, na mafundo yake yalipofungwa yalikaa juu ya boliti nne kama kofia.

Bibi huyu hajawahi kuliona gari lile kabla ya siku hiyo.

Baba alizunguka nyuma. Aliinama, akatazama fundo la kwanza, la pili, akazunguka upande wa pili akatazama mengine. Mama alikuwa akipanga masufuria kwa makini makubwa. Mimi nilielewa wakati huo ukurasa wangu ulipokwenda, na kwamba sijapoteza akili, na nilifurahi hivi kwamba nilisahau kuficha uso.

"Daftari lako," baba aliniambia taratibu, "lilikuwa na kurasa ngapi?"

"Mia, baba."

"Na sasa?"

"Tisini na tisa."

Alimtazama mama. Mama alitazama ziwa. Bibi, amekwisha kupanda na kukaa katikati ya wajukuu wake warefu, aliita kutoka nyuma, "Kimekaa vizuri, mkwe?"

"Ndiyo mama," baba alisema. "Asante mama."

Tukarudi. Karibu na Kigwena tulikuta lori jingine, nami nikaanza kazi yangu. Subiri. Subiri. Baada ya muda sauti ya bibi ilitoka nyuma.

"Pita."

"Mama, unaona mbele?" mama alimuuliza.

"Sioni hata kidogo. Lakini mimi ni mzee, siwezi kungoja kama huyu."

Baba hakupita. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, na nilipomtazama alikuwa anacheka, kimya, mashavu yamelowa.

Jumatatu alitoka na ufunguo wake kwenye gazeti. Mimi nilikuwa dirishani. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama mbele ya maneno yale ya uzi mwekundu muda mrefu kidogo, akagusa fundo moja kwa kidole, kisha akafunga mlango polepole ili bibi, aliyekuwa amelala chumba cha pili, asiamke. Mawese yanaendelea kusafiri kwa gari la kukodi, kama zamani.

Isipokuwa bidoni moja. Bibi aliporudi kwake alisema mawese ya Kabonga siku hizi hayana ladha, na baba akasema ndiyo mama. Kwa hiyo kila mwezi, esansi ya kutia kwenye gari ikipatikana, tunampelekea bidoni ya lita ishirini, na baba anasema bidoni ya mama mkwe haiendi peke yake, ni lazima isindikizwe na watu wote. Mama anahamia nyuma, na bidoni tunaiweka katikati, kati ya mapacha, kwenye gazeti, na mmoja wao anaifunga mkanda. Mimi bado ninakaa mbele kushoto. Mwezi uliopita nilisema pita, mara moja, karibu na Nyanza-Lac. Baba alishangaa hivi kwamba akauliza kama nina uhakika, nami nikafikiri kidogo, na lori likageuka lenyewe, likatuachia njia.